Ajali Ina Kinga: Somo la Dari ya Pango la Mangapwani



Yeyote aliyewahi kuteremka katika pango la Mangapwani anaijua hali ile: jua la Unguja linabaki juu, ubaridi unakupokea, na macho yanapozoea giza unayaona maji matamu yaliyotulia chini ya mwamba wa matumbawe. Wakazi wa sehemu zile waliyateka maji hayo kwa vizazi vingi. Si mbali na hapo, kuelekea kaskazini, kipo chumba kilichochongwa katika jiwe la namna hiyo hiyo, ambamo, kama inavyosimuliwa, binadamu walifichwa wakingoja majahazi hata baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Si ajabu basi kwamba tunapowapeleka vijana wetu huko kwa kumbukumbu na sala, tunatazama chini: tunatazama maji, ngazi, na sakafu walikolazwa ndugu zetu. Ni nadra sana tukatazama juu.

Siku moja tulipokuwa huko na kundi la vijana wa parokia, mmoja wao, ambaye kaka yake alikuwa Bara akichimba dhahabu, aliinua uso akauliza: "Padri, dari hii inashikwa na nini?" Tulimjibu kwa haraka kwamba inashikwa na Mungu, nayo imekaa hapo tangu zamani za kale. Vijana walicheka, nasi tukacheka. Jibu lile halikuwa la uongo, lakini lilikuwa jibu la uvivu. Kijana hakuuliza nani aliyeumba mwamba. Aliuliza kwa nini hauanguki. Na nyuma ya swali lake kulikuwa na swali jingine ambalo hakulitamka: je, ile dari iliyo juu ya kichwa cha kaka yangu, nayo inashikwa na nini?

Tahariri hii ni jaribio la kulipa deni la jibu lile.

Tuanze na mambo tunayoyajua sote. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib hapa Mji Mkongwe ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Huko Bara, mwezi Oktoba 2015, mgodi wa Nyangalata wilayani Kahama uliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwezi Januari 2017, watu 15 walifukiwa katika mgodi huko Nyarugusu, mkoani Geita, wakaokolewa baada ya siku tatu hivi. Mwezi Januari 2024, wakati wa mvua, kifusi kiliwaua watu wasiopungua 21 katika machimbo ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Mwezi Agosti 2025, watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa mkoani Shinyanga. Kila mara tulisali, tulichanga, tulifariji. Na kila mara, katika misiba na vibarazani, tulisikia maneno yale yale: ajali haina kinga.

Methali hiyo ina hekima yake, kwa maana inamfariji aliyefiwa asijilaumu kupita kiasi. Lakini ikitoka kinywani mwa mwenye mgodi, au mwenye jengo, au kiongozi aliyepaswa kukagua, methali hiyo hiyo hugeuka kuwa pazia. Tunasema bila kusita kwamba kwa habari ya dari za miamba, ajali ina kinga. Kinga hiyo imetafutwa na watu wenye elimu kwa muda mrefu, na sehemu kubwa yake ilipatikana kwa njia ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuifahamu: kujenga mgodi mdogo mezani, na kuuacha huo uanguke badala ya ule mkubwa.

Mtu angedhani kwamba jambo hili ni rahisi. Chonga jiwe, toboa tundu, tazama kama litasimama. Vijana wetu walifikiri hivyo. Baada ya safari ile walitengeneza kielelezo cha pango kwa saruji ndani ya sanduku la mbao, upana wa tundu ukiwa kama kiganja cha mkono. Kilisimama. Waliweka tofali juu yake, kikasimama. Wakatangaza kwa furaha kwamba pango la Mangapwani ni salama daima. Hapo ndipo tulipolazimika kurudi vitabuni, kwa maana kosa walilolifanya ni la zamani, na mtaalamu Galileo Galilei alikwisha kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638.

Hoja yake ni hii. Ukikipunguza kitu kiwe nusu ya urefu, nusu ya upana na nusu ya kimo, uzito wake haupungui kuwa nusu. Unakuwa sehemu moja tu ya nane. Lakini eneo la jiwe linaloubeba uzito huo linapungua kuwa robo. Maana yake ni kwamba kitu kidogo kinabeba mzigo mwepesi kuliko nguvu zake, na kitu kikubwa cha umbo lile lile kinaelemewa na uzito wake chenyewe. Ndiyo sababu sisimizi huanguka kutoka juu ya mnazi akaenda zake, na mgema akianguka tunaitana msibani. Basi kielelezo kidogo kilichotengenezwa kwa jiwe gumu kitasimama karibu siku zote, nacho kitatudanganya siku zote.

Wataalamu wa migodi walipata njia mbili za kuuepuka udanganyifu huo. Njia ya kwanza ni kuidhoofisha malighafi kwa kadiri ile ile ambayo umbo limepunguzwa: badala ya jiwe hutumiwa mchanga uliochanganywa na plasta kidogo, ili mwamba bandia uwe dhaifu kama udogo wake unavyodai. Njia ya pili ni kuongeza uzito bila kuongeza ukubwa. Mfaransa Édouard Phillips aliifikiria njia hiyo mwaka 1869 kwa ajili ya madaraja, na mwaka 1931 Philip Bucky wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliitumia kwa migodi: kielelezo hufungwa katika mkono wa mashine inayozunguka kwa kasi kubwa, kama mtu azungushapo ndoo ya maji bila maji kumwagika. Kielelezo kilichopunguzwa mara 100 kikizungushwa hadi uzito wake uongezeke mara 100, dari yake huumia kama dari halisi inavyoumia. Kwa njia hiyo wahandisi waliweza kuangalia tabaka za mwamba zikipinda, zikiachana na kupasuka, wala hapakuwa na mama aliyelia.

Mashine hiyo hatunayo parokiani. Lakini mchanga tunao. Vijana walirudia kazi yao kwa mchanga wenye unyevu na plasta kidogo sana, na chini yake wakapanga vipande vya mbao ambavyo wangevichomoa kimoja kimoja, kama vile mchimbaji anavyoendelea kula mwamba siku kwa siku. Kipande cha kwanza kilitolewa, dari ikatulia. Cha pili, ikatulia. Cha tatu, ufa mwembamba kama unywele ukajitokeza katikati, na punje chache zikaanza kudondoka. Cha nne kilipoguswa, dari yote ilishuka kwa mara moja, na yule kijana mwenye kaka Bara akatoka nje bila kusema neno.

Yatupasa tuyaelewe mambo mawili yaliyoonekana mezani pale. La kwanza ni upana. Tabaka la mwamba linalokaa kama ubao juu ya tundu likiongezewa upana mara mbili, unene ukibaki ule ule, mkazo unaotaka kulipasua hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Mchimbaji anayesema, "Tuongeze kidogo tu," hajui kwamba kidogo chake ni kikubwa machoni pa mwamba. La pili ni onyo. Dari nyingi husema kabla ya kuanguka: hudondosha chembe, hutoa mlio, hufungua nyufa, hupindisha miti iliyoegemezwa chini yake. Wachimbaji wenye uzoefu huigonga dari kwa chuma na kusikiliza. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali, na uliokwisha kuachana hulia kama debe tupu. Kwa hiyo swali la haki si kama dari ilisema. Swali la haki ni kama aliyeisikia alikuwa na ruhusa ya kutoka.

Hapa hatuna budi kutaja Coalbrook. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa makaa ya mawe nchini Afrika Kusini, nguzo za makaa zilizokuwa zimeachwa kubeba dari zilipondeka mfululizo, moja ikiangusha nyingine, na wanaume 435 wakazikwa humo. Wengi wao walikuwa vibarua wahamiaji kutoka Lesotho na Msumbiji. Miili yao haikutolewa. Mwezi mmoja hivi kabla, tarehe 28 Desemba 1959, sehemu nyingine ya mgodi huo huo ilikuwa imekwisha kuporomoka, na kazi ikaendelea. Baada ya msiba, fedha zilipatikana na utafiti ukafanyika. Mwaka 1967 wataalamu Salamon na Munro walitoa kanuni ya kupimia nguvu za nguzo, baada ya kuchunguza habari za nguzo za maeneo 125 ya migodi, 98 yaliyosimama na 27 yaliyoanguka. Kanuni hiyo imeokoa maisha ya watu wengi hata leo.

Tunamshukuru Mungu kwa kanuni hiyo. Lakini tuitazame vizuri. Haikutokana na mchanga wala plasta. Ilitokana na migodi halisi, na msukumo wake ulitoka kwa wanaume 435 ambao hakuna aliyewauliza kama wangekubali kuwa somo. Na hapa ndipo ulipo msingi wa maneno yetu yote. Kila dari inayochimbwa ni jaribio. Mtu anapotoboa mwamba bila kupima, jaribio halijaepukwa. Limehamishwa tu kutoka mezani kwenda mgodini, na kilichowekwa chini ya dari si kipande cha mbao bali ni mtoto wa mtu. Tajiri hujaribu kwa plasta. Maskini hujaribiwa kwa mwili wake. Huo ndio udhalimu tunaoukemea.

Wapo watakaosema kwamba padri anapaswa kuhubiri Injili na kuwaachia wahandisi miamba yao. Tunawajibu kwa heshima kwamba Maandiko yenyewe yanazungumzia dari. Agizo la Kumbukumbu la Torati 22:8 linamtaka anayejenga nyumba aizungushie dari yake kizuizi, asije akahesabiwa damu ya atakayeanguka. Mwenye nyumba haruhusiwi kungoja mtu aanguke kwanza. Naye Bwana wetu, alipokumbushwa misiba ya siku zake, aliwataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Basi tusiwahukumu wafu kwa kusema walikuwa na tamaa ya dhahabu, wakati walikuwa na njaa. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliwakumbuka kwa namna ya pekee wanaochimba mawe na madini, akataka saa zao za kazi zipunguzwe kulingana na ugumu wa kazi yao. Na Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1995, unatambua haki ya mchimbaji kuondoka mahali anapoona kwa sababu ya haki kwamba pana hatari kubwa. Injili na sheria za mataifa zinakutana hapo.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Mtu akiingia katika nyumba za kale za Mji Mkongwe huona vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni boriti. Mafundi wetu walijua kwamba mti wa mkoko una urefu wake na nguvu zake, na dari nzito ya mawe na chokaa haiwezi kuvuka zaidi ya kadiri hiyo, yaani kama mita 3 au pungufu. Hawakubishana na boriti. Aliyetaka ukumbi mpana zaidi aliongeza ukuta, au nguzo, au tao. Huo ni unyenyekevu mbele ya uzito, na ni unyenyekevu ambao umekosekana katika mashimo mengi yanayochimbwa leo kwa haraka ya pesa.

Ni lazima pia tuseme ukweli kuhusu mipaka ya vielelezo. Kielelezo hakijui ufa uliofichika ndani ya mwamba halisi, wala maji ya mvua yanayopenya, wala miaka mingi ya kuchakaa. Jiwe la matumbawe la Unguja limejaa matundu, na maji ndiyo yaliyochonga mapango yake. Yaliyochonga jana hayajaacha kuchonga leo. Siku hizi hesabu nyingi hufanywa kwa kompyuta, lakini kompyuta nayo ni kielelezo, na ikilishwa vipimo vya kubuni itatoa majibu ya kubuni. Kwa hiyo kielelezo hakimpi mtu ruhusa ya kuacha kuangalia. Kinamfundisha aangalie wapi. Anayekitumia kielelezo ili kuwanyamazisha wanaoogopa anafanya kosa lile lile la vijana wetu na saruji yao.

Ndugu viongozi, mtatuuliza: tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, katika Jumuiya Ndogo Ndogo, familia iliyo na kijana machimboni isaidiwe kumwuliza maswali manne kila anapopiga simu au kurudi nyumbani: tundu mnalochimba lina upana gani? Nguzo mlizoziacha ni nene kiasi gani, na je, kuna anayezipunguza usiku ili apate mawe yenye dhahabu? Nani anaigonga dari kabla ya zamu kuingia? Na akisema tutoke, je, anayetoka hukatwa ujira wake? Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Asiyeruhusiwa kutoka hana faida na onyo.

Pili, tuangalie machimbo yetu wenyewe ya mawe na mchanga hapa kisiwani. Mtu anapoula ukingo kwa chini, ukining'inia juu yake, amejitengenezea dari, hata kama mbingu anaiona. Ukingo ukatwe kwa mteremko au kwa ngazi, kuanzia juu kushuka. Watoto wasicheze wala kupumzika kivulini mwake.

Tatu, tunawaomba wenye dhamana ya pango la Mangapwani na kile chumba cha watumwa wazipime dari zake na kuziandikia kumbukumbu. Njia mojawapo ni nafuu mno: juu ya kila ufa unaotiliwa shaka hupakwa ukanda mwembamba wa plasta wenye tarehe. Ukanda ukikatika, ufa umetembea. Jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa Serikali imeichagua Mangapwani kuwa mahali pa bandari kubwa. Hatupingi bandari, kwa maana vijana wanahitaji kazi. Tunaomba tu kwamba kabla ya mitambo mizito kutikisa ardhi yenye mapango, ardhi hiyo ichunguzwe, na wakazi waelezwe matokeo kwa lugha wanayoifahamu.

Nne, walimu wetu walifanye jaribio la mchanga madarasani, pamoja na watoto wa jirani zetu Waislamu, kwa maana mwamba haumwulizi mtu dini yake. Kazi hiyo inahitaji sanduku, mchanga, plasta kidogo na subira. Mtoto aliyeiona dari ya mchanga ikishuka kwa macho yake hatasema kwa wepesi kwamba ajali haina kinga, nasi tungependa awe na kumbukumbu hiyo siku atakapokuwa mhandisi, au diwani, au mwenye mgodi.

Na sisi wenyewe? Tulirudi Mangapwani na vijana wale wale. Safari hii hatukuingia wote kwa pamoja. Waliingia wachache wachache, wengine wakingoja juu chini ya miti, na kila kundi lilisimama kwanza kimya likitazama juu kabla ya kutazama maji. Yule kijana alitusogelea tulipokuwa tukitoka, nasi tukamwambia kile tulichopaswa kumwambia siku ile ya kwanza: dari hii inashikwa na unene wake, na wembamba wa nafasi iliyo chini yake, na uzima wa jiwe lake, mpaka siku mojawapo ya hayo itakapopungua, na Mungu ametupa akili ili siku hiyo itukute tumekwisha kutoka. Akauliza kama anaweza kumwandikia kaka yake maneno hayo. Tukamwambia aandike, na aongeze yale maswali manne.

Tunawaomba nanyi mfanye hivyo. Amani ya Kristo ikae nanyi nyote.